Ushauri wenu wakuu: nifute kipi kati ya Detroit, Chicago na Boston?

Mzigua wa Ohio
Habari za muda huu wakuu. Naomba ushauri, wenye kejeli mpite kimya kimya.

Naishi Columbus, Ohio, huu mwaka wa tisa. Mwanangu wa miaka 10 anacheza besiboli, na kupitia yeye nyumba nzima tumeambukizwa. Mwezi wa pili tulikaa familia tatu: ya kwangu, ya jamaa yangu wa Morogoro na ya jirani yetu Mkongo wa Bukavu. Jumla watu 15, babu mmoja humo humo. Tukakubaliana msimu huu tutembelee viwanja sita vya ligi kuu: Cincinnati, Cleveland, Pittsburgh, Detroit, Chicago, na kumalizia Boston mwezi wa tisa.

Vitatu tumeshamaliza. Cincinnati tulikaa juu kabisa, mto Ohio unauona ule pale, ubao ukasoma sare 2-2, koo zimetukauka kwa kelele. Cleveland mwezi wa tano kulikuwa na baridi ya kihuni, wake zetu wakajifunga khanga juu ya makoti. Pittsburgh ndio ilinimaliza. Siku ya mechi wanafunga daraja la njano magari yasipite, mnavuka kwa miguu na umati wote, mto chini, uwanja mbele yenu. Yule babu wa Bukavu alisimama katikati ya daraja, akavua kofia, akaangalia maji weee, akaivaa tena tukaendelea.

Sasa nataka tupunguze safari. Boston kutoka hapa ni kilomita zaidi ya 1,200, yaani Dar hadi Mwanza na chenji inabaki. Nifute kipi, na niwaambieje wenzangu bila kuonekana mkorofi? Wao bado wana moto.

Mla Mhogo
Wa kwanza leo. Besiboli si ule mchezo mtu anapiga mpira halafu anakimbia kama kaiba kuku?

Mama Wairimu wa Lowell
Kaka, Boston usiguse. Mimi ni Mkenya, niko hapa Lowell, jirani na Boston, karibu miaka kumi na tano, na mgeni yeyote akitoka nyumbani kwanza nampeleka Fenway Park. Uwanja ulifunguliwa 1912, bado unatumika. Upande wa kushoto kuna ukuta wa kijani wa karibu mita 11, na ubao wa matokeo pale chini watu wanabadilisha namba kwa mkono mpaka leo. Upande wa kulia, katikati ya viti vyote, kuna kiti kimoja tu chekundu. Hapo ndipo ulifika mpira alioupiga Ted Williams, mchezaji wa timu ya hapa, 1946, zaidi ya mita 150. Siku ya kwanza nilitaka kukikalia, mlinzi akanitazama tu nikarudi mwenyewe.

Lakini tafadhali, ukinunua tiketi angalia nguzo. Kuna viti vya mbao vya zamani, unalipa vizuri kisha mechi nzima unatazama chuma. Shemeji yangu alimwona mrushaji tu, mpigaji hakuwahi kumwona mpaka tunarudi kwa gari.

Fundi Bomba
Mkuu kama ni hela, rudi chini. Hapo hapo Columbus mna timu ya daraja la pili, Clippers, na wao ni wachezaji wa kulipwa vilevile. Wana siku zao soseji ndani ya mkate inauzwa senti 10. Senti 10! Watoto wanakula mpaka wanaomba maji.

Ustadhi Kombo
Soseji ya nini lakini? Tuanzie hapo.

Fundi Bomba
Ustadhi uliza dirishani, mimi nilikula.

Binti Kirefu
Mimi kuna kitu hakijakaa sawa. Mlipanga watu wazima wa familia tatu, wenzako bado wanataka, wewe peke yako ndio unatafuta cha kufuta. Na hutaki waone kwamba wewe ndiye unayefuta. Hujasema yote.

Mzigua wa Ohio
Hakuna kitu dada yangu. Uchovu tu. Nafanya kazi ghalani, zamu za usiku, na kuendesha gari kwenda Boston na kurudi si mchezo.

Pweza Mkavu
Chicago msifute. Ngoja niwape mkasa. Wrigley Field, mwaka juzi, tumekaa nyuma ya ule ukuta wa matofali uliofunikwa na majani yanayotambaa. Mpigaji wa timu ngeni kaupiga mpira, umevuka ukuta, umedunda kwenye bia ya mzee mmoja na kumwangukia binti yangu mapajani. Ana miaka 8. Kaushika kama yai. Kabla sijatoa simu nipige picha, watu wote wale wanapiga kelele: utupe! utupe! Kule desturi yao, mpira wa adui uliovuka ukuta hauondoki nao, unaurudisha uwanjani. Mtoto ananiangalia mimi, mimi namwangalia mke wangu, mke wangu anaangalia simu yake. Akautupa. Wakamshangilia kama rais. Njia nzima kurudi hotelini analia, "Baba, ulikuwa wangu." Mpaka leo sijui nilitakiwa nifanye nini.

Mla Mhogo
Ulitakiwa uwe na mpira wa akiba mfukoni, utupe huo feki.

Pweza Mkavu
Nilikuja kuambiwa baadaye, wenyeji ndivyo wanavyofanya. Roho iliniuma!

Binti Kirefu
Turudi kwa Mzigua. Swali moja tu: hela ya safari ameshika nani?

Mzigua wa Ohio
Mhazini ni mimi. Lakini hilo halihusiani na nilichouliza.

Nyanya Chungu
Nimevuta kigoda.

Binti Kirefu
Mlichangishana shilingi ngapi, na imebaki shilingi ngapi? Andika tu, hapa hakuna anayekujua.

Mzigua wa Ohio
Sawa. Kila familia ilitoa dola 1,400, jumla 4,200. Mechi tatu, tiketi na pakingi, zimekula kama 1,100. Ilibaki 3,100.

Mwezi wa sita dalali akanipigia kutoka nyumbani, kuna kiwanja Chanika, mita 20 kwa 20, mwenyewe ana shida na pesa, wateja wengine wako njiani. Nikatuma 2,800. Nilijua nitarudisha kwa malipo ya saa za ziada, halafu kazini wakazikata zote. Sasa mkononi nina 300. Naomba msinihukumu, kiwanja ni mali, hakiozi. Na humo na mimi nina sehemu yangu, si kwamba nimechukua ya watu yote.

Nyanya Chungu
Subirini kidogo. Hela ya VIWANJA kanunulia KIWANJA?

Mla Mhogo
Kapunguza safari kutoka viwanja sita hadi kimoja. Si ndicho alichotaka? Uzi ufungwe.

Kobe Mzee
🤣🤣🤣 Sasa wachukue wale watu 15 uwapeleke Chanika wakaangalie mchezo.

Fundi Bomba
Tufanye hesabu maana yeye anazikwepa. Kwenye 3,100 zilizobaki, theluthi yako ni kama 1,033. Umetuma 2,800. Kwa hiyo dola 1,767 ni za wenzako. Hata hizo 300 ulizobaki nazo si zako.

Ustadhi Kombo
Ndugu yangu, umepewa amana. Amana haizungushwi, hata kama ungeirudisha kesho yake na faida juu. Nenda kwa wenye mali leo kabla hawajasikia kwa mtu mwingine. Hayo ya ukuta wa kijani na kiti chekundu yatajijua yenyewe.

Mzee wa Takwimu
Na ujue lile daraja la Pittsburgh ulilovuka lina jina la mtu. Roberto Clemente, mchezaji wa zamani wa timu ya Pittsburgh, mtu wa Puerto Rico. Tarehe 31 Desemba 1972 alipanda ndege yeye mwenyewe kupeleka misaada kwa watu wa tetemeko la Nicaragua, kwa sababu alisikia misaada ya mwanzo inaishia mikononi mwa wakubwa. Ndege ikaanguka baharini. Mtu kafa akihakikisha vya watu vinawafikia watu, na wewe umepita juu ya jina lake, mwezi huo huo ukatuma muamala. Halafu alimaliza na mipira 3,000 kamili aliyoipiga na kufika besi, yaani kituo anachokimbilia mpigaji, si 2,999 wala 3,001. Zamani niliwahi kutengeneza jedwali la wote waliofika 3,000, anayetaka aseme niliweke hapa.

Mla Mhogo
Hakuna anayetaka mzee wangu.

Mzigua wa Ohio
Mnaongea kama nimeiba benki. Nimezungusha tu. Hata wao wanajua nyumbani kiwanja kizuri hakisubiri. Na kwenye kundi nimeshawaandikia kwamba tiketi za Boston zimepanda sana, wamenielewa vizuri. Ninachotaka kujua ni Chicago nisemeje.

Binti Kirefu
Kwa hiyo uongo wa kwanza umeshatoka, umekuja tukusaidie kutunga wa pili.

Kobe Mzee
Wakuu tulieni. Hii ni CHAI. Rudini juu msome. Anasema Cincinnati ubao ulisoma sare 2-2. Besiboli haina sare! Wanacheza mpaka mmoja ashinde hata kama ni alfajiri. Huyu hajawahi kukanyaga uwanja, kakaa sehemu na bando la ofisi anatutungia. Hata Chanika yenyewe sina uhakika kama anaijua.

Nyanya Chungu
Eeeh! Na mimi nilishangaa. Chai ya tangawizi hii.

Mama Wairimu wa Lowell
Kobe amesema kweli. Zikiwa sawa baada ya raundi ya 9 zinaendelea, na siku hizi kuanzia raundi ya 10 kila timu inaanza na mtu tayari yuko besi ya pili, ndio iishe haraka watu walale.

Mzee wa Takwimu
Msiseme "haina sare" kwa kujiamini hivyo. Mechi ya nyota wa ligi zote mbili, Milwaukee, 2002, iliisha 7-7 raundi ya 11 kwa sababu makocha walimaliza warushaji. Watu walizomea uwanja mzima.

Kobe Mzee
Hiyo ni ya maonyesho, haihesabiki. Tunaongelea ligi.

Mzee wa Takwimu
Ilichezwa au haikuchezwa?

Pweza Mkavu
Nyie wawili fungueni uzi wenu. Mzigua jibu, ilikuwaje?

Mzigua wa Ohio
Someni vizuri. Nimesema ubao ulisoma 2-2, sijasema iliisha. Tuliondoka raundi ya 9 bado ziko sawa kwa sababu mama wa Bukavu alikuwa anaingia kazini saa kumi na moja alfajiri, na ni mwendo wa karibu saa mbili. Matokeo tuliyajua kwenye redio ya gari. Babu aligoma kuteremka tulipofika, alikuwa anajaza karatasi yake.

Binti Kirefu
Karatasi gani?

Mzigua wa Ohio
Babu ana daftari. Kila mechi anaandika kwa penseli, nani kapiga, nani katolewa, kwa alama zake mwenyewe maana zile za Wamarekani hazitaki. Tiketi haziko za karatasi siku hizi, ziko kwenye simu, basi huwa ananiambia nimsomee namba ya kiti anaiandika juu ya ukurasa. Alikaa kambini Nyarugusu kule Kigoma miaka 18 kabla ya kuletwa huku. Anasema kule alijifunza kuandika kila anachopewa, mahindi kilo ngapi, mafuta kiasi gani, ili asibishane na mtu.

Jumapili kanikuta nje namwaga taka. Kaniuliza, "Kijana, ile ukuta ya kijani tutaiona?" Nikamwambia tutaiona Papa.

Ndio maana nimekuja hapa. Si mambo ya kuendesha gari.

Kobe Mzee
Nafuta kauli yangu ya chai. Ya sare siifuti.

Ustadhi Kombo
Mpigie mtu sasa hivi. Anza na yule wa Morogoro, ni rahisi zaidi.

Fundi Bomba
Na Boston msiende 15. Aende babu na mjukuu mmoja, basi la usiku, katikati ya wiki tiketi huwa nafuu. Mama Wairimu atawapokea. Si ndiyo mama?

Mama Wairimu wa Lowell
Wallahi mtanifilisi. Sawa, wakija watalala kwangu. Lakini kiti cha nyuma ya nguzo sitaki kusikia.

Mzigua wa Ohio
Nimempigia wa Morogoro. Nimemwambia yote, na hesabu ile ya Fundi. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu akauliza kitu kimoja: "Mkeo anajua?" Nikasema hapana. Akakata.

Nyanya Chungu
HAJUI?? Mzigua! Kila ukurasa una mapya!

Binti Kirefu
Nilikuwa najua bado kuna kingine. Zima simu nenda jikoni kwa mkeo.

Mzigua wa Ohio
Nimerudi. Nimemwambia. Hajanijibu, ameenda kukunja nguo, sasa hivi ameshika ile khanga ya Cleveland anaikunja mara ya tatu.

Wa Morogoro kanitumia ujumbe: Detroit Jumamosi iko palepale, ile 300 yote iende kwenye tiketi, nitaendesha mimi, mafuta na pakingi juu yangu, na babu nitamwambia mwenyewe njiani nikiwa nimemtazama usoni. Watoto wanasubiri lile gurudumu la kupanda ndani ya uwanja, wanasema viti vyake vina umbo la mpira. Nitawapa mrejesho.

Fundi Bomba
Pole mkuu. Hicho kiwanja kina hati?