Tupeane uzoefu: Uliyeirudia gemu ya zamani (PS1, PS2, za PlayStation) baada ya kutengenezwa upya, ulikuta nini?

Wakuu, habari za jioni. Mimi nimekulia kibanda cha gemu: PS2 nne, TV za kichogo, pedi ambazo alama za vitufe zimefutika kwa vidole. Grand Theft Auto: San Andreas ya 2004 nimeichezea humo na daftari la kodi za siri (mpangilio wa vitufe unaokupa vitu vya bure) pembeni: R1, R2, L1, R2, kushoto, chini, kulia, juu, halafu unarudia mishale ileile, silaha zinakuja.

Toleo lililotengenezwa upya 2021 lilitoka na kasoro hadi Rockstar, wenye gemu yenyewe, wakaomba radhi. Iliyoniuma zaidi ni kuondolewa ule ukungu uliokuwa ukifunika vitu vya mbali. PS2 ilikuwa na RAM (kumbukumbu ya kazi) ya MB 32 tu, kwa hiyo vilifichwa. Lakini ukungu huo ndio uliofanya San Andreas iwe nchi. Ukiupangusa, unapaa na ndege unaona miji yote mitatu kwa mkupuo, kama vitongoji vya kata moja. Nililia moyoni, sijui nyie.

#2
Mkuu, mimi nitetee kidogo. Crash Bandicoot nilicheza na kaka yangu kwenye PS1, sasa nacheza ile iliyoundwa upya 2017 na binti yangu wa miaka tisa. Imependeza mno, manyoya ya Crash unayaona moja moja. Ila kuruka kumebadilika. Tulikuwa kwenye lile daraja la mbao la The High Road, mtoto akatua ukingoni, Crash akateleza akaanguka. "Baba, si nilikuwa nimekanyaga?" Alikuwa amekanyaga kweli. Kwenye ya zamani angesimama. Hata hivyo tusingeipata pamoja bila wao kuiunda upya.

#3
The Last of Us imetoka 2013, ikaboreshwa 2014, ikaja tena 2022 kwa dola 70. Gemu ambayo haijazeeka haina haja hiyo. Hela hizo wangezipeleka kwa zilizosahaulika.

#4
Naunga mkono #3. Video Game History Foundation, shirika la kuhifadhi historia ya gemu la Marekani, ilionyesha 2023 kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka kule kabla ya 2010 hazipo tena sokoni. Lenzi ya PS2 yangu ilikufa, fundi akashindwa, na PS5 haisomi CD za PS2. Mtu kama mimi anabaki kusubiri.

Na tatizo lingine ni utunzaji. Silent Hill 2 ilipoletwa kwenye PS3 mwaka 2012, waliopewa kazi walikabidhiwa kodi ya programu (maandishi yanayoiunda gemu) ambayo haikuwa ya mwisho, wakaanza kurekebisha makosa yaliyokwisha kurekebishwa zamani. Na pale pia, wakuu, ukungu ndio ulioharibika! Gemu ya kutisha bila ukungu wake inakuwa mtaa mtupu.

#1 (mleta mada)
#4 umenigusa. Kwa San Andreas, apdeti ya Novemba 2024 imerudisha mwonekano wa anga la zamani. Juzi usiku nilipanda hadi kileleni Mount Chiliad, mlima wa humo kwenye gemu, nikageuka upande wa jiji la Los Santos. Sikuona kitu, weupe tu. Nikamwita mdogo wangu aje aone, tuliyekuwa tukichangiana hela ya nusu saa. Akakaa.

Wengine leteni, hasa mliocheza Resident Evil 4 zote mbili, ya 2005 na ya 2023.