Tupeane uzoefu: ulishasimama kando ya njia ya mbio za magari Arusha au Moshi?

Mtoto wa Usa: Wakuu, jana gari la mashindano limepita hapa likinguruma, moyo ukaruka. Huku kwetu mbio ni barabara za vumbi za mashambani. Leteni visa.

Binti Moshi: Vumbi lile! Kifua kinabana wiki nzima na bado naenda.

Fundi Majengo: Yangu ni ya kule kwenye miwa, Arusha Chini. Watu wamejazana upande wa nje wa kona kwa sababu ndiko unakoona vizuri. Unasikia mlio, unaona vumbi, gari lenyewe hulioni. Likaja na kasi, matairi ya mbele yakagoma kukata kona, likanyoosha kwetu. Nilimvuta mtoto wa dada yangu kwa kola tukaangukia mtaroni. Gari likalala ubavu palepale tulipokuwa tumesimama. Navigeta, yule anayekaa na dereva akimsomea njia, akatokea dirishani, na kabla hajajipangusa akakimbia nyuma na pembetatu nyekundu kuonya gari linalofuata. Dereva akainua bango la OK, yaani wao wako salama. Hapo ndipo akina mama walipoanza kulia. Upande ule hapakuwa na hata kamba! Waliopanga bado nina hasira nao.

Mama Njiro: Pole sana kaka. Mungu mkubwa.

Mti Mkavu: Ila magari kuachiwa mojamoja si mbio. Motokrosi ndiyo mbio, pikipiki zinaachiwa zote pamoja.

Binti Moshi: Mwenzio kaponea chupuchupu, wewe unaleta ubishi? Wanashindana na saa, basi.

Mzee wa Monduli: Vijana, Safari Rally, yale mashindano makubwa ya magari, ilianza 1953 ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Joginder Singh, tuliyemwita Simba, alishinda 1965 na Volvo, kisha 1974 na 1976.

Mti Mkavu: Shikamoo mzee. Lakini Shekhar Mehta kashinda mara 5, nne mfululizo 1979 hadi 1982.

Mzee wa Monduli: Marahaba. Mehta bingwa, sikatai. Simba alikuwa wetu wote.

Mtoto wa Usa: Fundi, sasa mtu asimame wapi?

Mama Njiro: Nyuma ya mti mkubwa.

Fundi Majengo: Mti haukuoneshi gari linalokuja, mama. Simama ndani ya kona.

Mti Mkavu: Ndani ndiko wanakopitisha tairi wakikata kona! Panda kwenye kingo ya juu, mbali na njia, na usiwape gari mgongo.

Fundi Majengo: Hapo kwenye kingo nakubali. Na mtoto mshike mkono.