Hoteli ya "mtindo wa kikoloni" Luang Prabang, nilipie ya upande wa Mekong au ni mbwembwe tu?

mke_wa_Mkomani

Assalam aleikum wanajamvi. Nina swali la watu waliotembea. Mie na mzee wangu Januari inshallah tunatimiza miaka 20 ya ndoa, na shemeji yangu alioko Bangkok katwambia tikiti ya mpaka kwake ni juu yake, kutoka hapo tujijue wenyewe. Basi mzee kang'ang'ania Luang Prabang kule Laos, ati aliona picha ya mito miwili inakutana na mji umekaa katikati kama ulimi.

Wiki nzima niko na simu natafuta hoteli na kila nikifungua maneno ni yale yale, hoteli ndogo ya mtindo wa kikoloni, baraza pana, pangaboi, madirisha ya mbao, kitanda cha nguzo nne na chandarua cheupe. Zimebaki mbili. Moja iko upande wa mto Mekong na bei yake ni mara mbili ya ile nyengine, ambayo iko upande wa mto mdogo, Nam Khan.

Sasa kinachonichekesha ni hichi. Nyumba ninayolala saa hii ni ya mawe ya matumbawe, boriti juu, zidaka ukutani, na jirani yangu wa mlango wa pili analipwa na wageni kwa nyumba kama hii hii. Mimi nitoke Lamu nikalipe kulala nyumba kongwe ya Mfaransa? Na je ni kongwe kweli au ni sura tu? Halafu kuna chakula, kuna kibla, na kuna magoti ya mzee manake picha zote naona ngazi. Nisaidieni kabla sijalipa.

Baharia_Mstaafu

Bi Mkomani, kaa Bangkok kwa shemejio ule samaki urudi. Hilo neno lenyewe "kikoloni" mimi linanikera, watu wanaliuza kama marashi. Hapa kwetu Lamu Mwingereza alikuta Ngome ishajengwa akaigeuza jela na ikabaki jela mpaka 1984, sasa nambie nani atalipa kulala humo kwa sababu ni ya kikoloni?

mpishi_wa_Malindi

Mzee Baharia utashangaa, Luang Prabang kuna hoteli moja ya bei mbaya sana ambayo enzi za Wafaransa ilikuwa hospitali, na watu wanalala wodini wakifurahi 😂

Dada, mimi nimekaa Vientiane, mji mkuu wa Laos, miaka mitatu nikifanya kazi jikoni (tajiri wangu wa Malindi alihamia huko akanichukua) na Luang Prabang nimekwenda kama mara tano, kwa hio ntakwambia nnayoyajua na mengine wengine watajazia.

Kwanza uelewe mji wenyewe. Ule ulimi anaousema mzee ni rasi ndefu kama kilomita moja hivi, Mekong upande mmoja, Nam Khan upande wa pili, na kuvuka kutoka mto hadi mto ni mwendo wa dakika tano kwa mguu, kumi ukiwa unaangalia maduka. Kwa hio kulipa mara mbili ili uwe upande wa Mekong ni kulipa dakika tano. Mekong ndio mkubwa, maji ya rangi ya chai ya maziwa, jua linatua ng'ambo yake na kila jioni watu wote wanahamia huko, mikahawa imejaa, asubuhi nayo kuna mashua ndefu zinawasha injini. Nam Khan kumepoa. Maji yakipungua wakati wa kiangazi wanajenga daraja la mianzi la kuvukia, mvua zikianza wanalitoa, mwaka wa pili wanajenga tena. Januari mtalikuta.

Hizo nyumba za Kifaransa sasa. Mji ulivamiwa ukachomwa 1887, Mfaransa akaishika nchi 1893, mfalme akaachwa kwenye kiti lakini amri si yake, na hata kasri ya mfalme yenyewe ilianza kujengwa 1904 chini ya Wafaransa. Mafundi wengi wa matofali waliletwa kutoka Vietnam. Walaosi wenyewe nyumba zao zilikuwa za mbao juu ya nguzo, chini unafuga kuku na kufuma nguo. Kwa hio unayoona leo ni mchanganyiko, chini matofali na chokaa, juu mbao, paa la vigae. Mfaransa akaondoka 1953, mfalme naye akaondolewa 1975, nyumba nyingi zikachakaa, halafu UNESCO wakauingiza mji kwenye orodha yao ya urithi wa dunia 1995 (Lamu sisi 2001, walitutangulia) na hapo ndio kila mtu akakumbuka ana nyumba ya babu.

Shida iko hapa, na ilinipata mwenyewe. Nilibuku chumba cha hoteli ya namna hio kwa siku tatu, picha nzuri, baraza, viti vya ukindu. Nafika napitishwa ndani ya ile nyumba ya kwenye picha, tukaipita, tukatoka mlango wa nyuma, tukapita bustani, tukafika kwenye jengo la pili la simenti limepakwa rangi ile ile ya maziwa na limepachikwa madirisha ya mbao yale yale. Dirisha nafungua, ukuta wa jirani, naweza kuugusa. Rangi bado inanuka. Nikauliza mbona si chumba cha kwenye picha, yule kijana wa mapokezi akatabasamu akaniambia "mtindo" ni huo huo. Na kweli hakudanganya! Waliandika mtindo, hawakuandika nyumba. Kwenye nyumba kongwe kulikuwa na vyumba vinne tu, vingine vyote viko nyuma. Na hawana namna nyengine, majengo marefu hayaruhusiwi kwenye ule mji mkongwe, kwa hio mwenye hoteli akitaka vyumba zaidi anaenda nyuma, haendi juu.

Kwa hio usiulize hoteli ipi. Uliza CHUMBA kiko jengo lipi, ghorofa gani, na dirisha linaangalia nini. Wakupigie picha wakiwa wamesimama dirishani.

fundi_chokaa

Salaam. Sijafika Laos na wala sina mpango lakini nyumba kongwe nimezila vumbi tangu nina miaka kumi na tano, kwa hio nipe picha nikwambie.

Angalia kina cha dirisha. Ukuta wa zamani ni mnene, kwenye kizingiti cha dirisha unaweza kuweka birika na vikombe na bado pakabaki, ukuta wa bloku unaweka simu tu. Halafu angalia chini ya ukuta karibu na sakafu. Ukiona chokaa imebabuka kidogo na rangi imefifia usikimbie dada, mji uko kati ya mito miwili, ukuta wa chokaa unavuta unyevu na kuutoa, ndivyo unavyopumua. Ukiona ukuta laini kama yai kutoka chini hadi juu basi hio ni simenti, ama nyumba mpya ama nyumba ya zamani imevishwa simenti, na ya pili ni mbaya zaidi manake unyevu unakosa pa kutokea, unapasua plasta kutoka ndani. Tumeona hapa hapa Langoni watu wanaziba nyumba za mababu zao na simenti, miaka michache mawe yanaoza.

Na upana wa chumba. Kwetu sisi boriti ya mkoko ndio inaamua, ndio maana vyumba vyetu vyembamba na virefu, huwezi kudanganya boriti. Kule sijui wametumia mbao gani lakini mbao yoyote ina mwisho wake. Ukiona chumba kipana kama ukumbi wa harusi bila nguzo wala mhimili hapo kuna chuma ndani.

Pangaboi lisikudanganye, hilo lanunuliwa dukani.

mke_wa_Mkomani

Fundi Mungu akuweke 🙏 nimerudi kuangalia picha za ile ya Mekong, chumba wanachoniuzia birika haliwezi kukaa dirishani, labda kikombe kimoja cha kahawa, kile kidogo cha bao.

Mpishi hebu nimalizie la chakula na kibla. Na wale watawa wa Kibudha, mzee anataka kuwaona alfajiri wakipita kupewa chakula, inafaa?

mpishi_wa_Malindi

Kibla rahisi, ni upande wa magharibi umeegemea kaskazini kidogo, yani simama uangalie Mekong jua linapotua halafu jisogeze kuliani, na Januari ujisogeze zaidi manake jua linatua limeegemea kusini. Mtasahau siku ya kwanza manake sisi Lamu na Malindi tumezoea kuelekea kaskazini. Msikiti niliokuwa naswali mimi ni wa Vientiane, Msikiti wa Jamia karibu na chemchemi ya Nam Phu, ulianzishwa na Waislamu kutoka Bara Hindi. Mkipitia Vientiane treni ipo tangu Desemba 2021, Luang Prabang ni kama saa mbili, zamani kwa basi ilikuwa ni kutwa nzima ya kona za milima na watu kutapika. Ila nyinyi mkitoka Bangkok kuna ndege inaenda moja kwa moja, chini ya saa mbili.

Chakula ndio mwangalie. Nguruwe yuko kila mahali, na si nyama tu, kwenye supu, kwenye mafuta, kwenye ile mikate mirefu ya Kifaransa wanapaka maini yake kabla hawajaweka kitu chengine. Kama mpishi nakwambia ukiagiza yai la kukaanga waombe kikaango kisafi, usione haya, hoteli ndogo mpishi anatoka jikoni mnaongea. Salama yenu ni samaki. Kuna kitu kinaitwa mok pa, samaki wa mto amefungwa kwenye jani la mgomba na mchaichai na bizari za kule akapikwa kwa mvuke, ukifungua ile harufu unasahau kama uko mbali na nyumbani. Na wali wao ni wa kunata, unakuja kwenye kikapu kidogo cha mianzi chenye kifuniko, unamega kwa vidole, unafinyanga tonge, unachovya. Mzee wako atafurahi, hakuna kijiko cha kumsumbua. Kuna na majani ya mtoni, wanayaanika na ufuta yanakuwa kama karatasi halafu wanakaanga, hayo mle tu.

Watawa hupita alfajiri pekupeku na majoho ya rangi ya chungwa, wenyeji wamepiga magoti wanawatilia wali bakulini. Tazameni mkiwa ng'ambo ya barabara, kimya, bila flashi.

Dada_Shela

Hapo nachangia kidogo, mimi nimekwenda na wageni wangu wawili. Hio shughuli barabara kuu imeharibika, watalii wanakaribia nyuso za watu na kamera kama wanapiga picha punda. Hoteli nyingi zitakuuzia kikapu cha wali na mkeka ukae ushiriki, msinunue, si ibada yenu na si maonyesho. Nenda vichochoro vya nyuma utaona bibi mmoja na mjukuu wake na watawa watano basi.

Na kuna jambo lilinigusa. Mwenye nyumba tuliofikia alituambia watu wengi wa pale rasini wamekodisha nyumba zao kwa hoteli wakahamia nje ya mji, kwa hio baadhi ya mahekalu yamekosa majirani wa kuwapikia watawa. Nikakaa kimya manake nilikuwa nafikiria Shela. Nyumba ngapi zimebaki na wenyewe, wenye nyumba wako Wiyoni na Kashmir, mitaa ya hapa Lamu, na muadhini anaadhinia wageni waliolala.

Baharia_Mstaafu

Dada Shela hapo umesema. Mimi nyumba ya mama yangu nilikodisha 2009 sijarudi ndani mpaka leo ila kwenda kutengeneza tangi.

mke_wa_Mkomani

Pole mzee Baharia.

Mrejesho jamani. Niliandikia hoteli zote mbili kama mpishi alivyosema. Ya Mekong walijibu baada ya siku tatu, chumba kiko "bawa la bustani", nikauliza bawa limejengwa lini, kimya mpaka leo. Ya Nam Khan alijibu mwenye nyumba mwenyewe, kwa Kiingereza cha kuvunjikavunjika kama changu, kasema nyumba ya mbele ni ya bibi yake, ina vyumba vitano, vitatu juu na viwili chini, vya juu ndio vina baraza la kuangalia mto lakini ngazi ni ya mbao na imesimama sana, cha chini hakioni mto, kinaona mti wa mwembe na barabara. Akanitumia na picha ya dirisha. Fundi, birika linakaa na vikombe viwili!

Kwa hio tumechukua cha chini kwa ajili ya magoti, siku nne, na magharibi tutakuwa tunatembea pole pole mpaka upande wa Mekong bure bilashi. Nimeambiwa pia nibebe sweta, ati Januari asubuhi ukungu unafunika mto hata ng'ambo huoni, ni kweli?

mpishi_wa_Malindi

Kweli kabisa, beba sweta mbili. Na ushukuru hamwendi Machi, hapo wakulima wanachoma mashamba ya milimani, moshi mji mzima, macho yanawasha na huo mto unaolipia huuoni. Pesa yao ni kip, ukibadilisha dola 50 unapewa karibu milioni moja, kwa hio mzee asishtuke akiona bili ya chai.

mke_wa_Mkomani

Mzee kasikia milioni kashakuwa tajiri. Ananiuliza kama huyo mwenye nyumba anakula halua, anataka kumpelekea kilo mbili. Nimemwambia sweta kwanza.