Pesa za wafadhili wa uchaguzi: zinunue mitambo au ziwafunze watu?

Wadau, tukielekea uchaguzi mkuu wa 2027 kuna hoja naisikia kila mahali: wafadhili wa nje wakae kando, Kenya ijiendeshee uchaguzi wake. Mimi nataka misaada ije, ila isiishie kwenye mitambo na warsha za hotelini.

2022 nilikuwa karani wa kituo cha kupigia kura. Tulifunzwa siku chache, tukala kiapo, tukakesha shuleni, kisha kila mtu akashika njia yake. Asubuhi ile mama mmoja mkulima alibandika kidole kwenye KIEMS, kifaa cha kutambua wapiga kura kwa alama za vidole, mara nne, kikamkataa. Vidole vilikuwa vimelika kwa jembe. Sisi makarani tukatazamana. Msimamizi wetu, mwalimu aliyeanza kazi hii 2013, alimpangusa kidole kwa kitambaa chenye maji, akajaribu kingine, mwisho akamtafuta kwa nambari ya kitambulisho huku mawakala wa wagombea wakishuhudia. Mama akapiga kura. Mwalimu yule hajapigiwa simu na mtu tangu siku hiyo.

Mitambo tumeijaribu. 2013 vifaa vya kuandikisha wapiga kura vilikuja kwa mkopo wa Kanada. Siku ya kura vifaa vya kuwatambua vikazima vituo vingi, na upeperushaji wa matokeo ukakwama. 2017 tukaleta vingine kutoka Ufaransa. Septemba 1 Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa urais, na suala la seva, kompyuta za tume za kuhifadhi matokeo, likiwa katikati ya kesi. Kilichotuliza watu wengi 2022 ni karatasi: Fomu 34A, zile za matokeo ya urais, za vituo zaidi ya 46,000, zenye sahihi, zikawekwa wazi mtandaoni, kila mwenye kikokotoo ajumlishe mwenyewe.

Mnaosema pesa za wageni zina masharti, nawaelewa. Lakini karatasi za kura za 2017 zilichapishwa Dubai, za 2022 Ugiriki. Mfadhili akiondoka leo, kuwategemea wageni hakuishi.

Tena tusimtwike mgeni mzigo wetu. Kuanzia Januari 2023 hadi Julai 2025 IEBC, tume yetu ya uchaguzi, haikuwa na kamishna hata mmoja aliye kazini. Watu wa eneo bunge la Banissa, Mandera, walifiwa na mbunge wao Machi 2023, wakapiga kura ya kumpata mwingine Novemba 2025. Hilo liliniuma sana. Zaidi ya miaka miwili na nusu bila sauti bungeni, na si mfadhili aliyewanyima, ni sisi na mivutano yetu.

Ninachoomba ni hiki: pesa zianze mwaka wa kwanza baada ya uchaguzi, si miezi michache kabla. Kila eneo bunge liwe na orodha ya kudumu ya wasimamizi, wafunzwe kila mwaka, wapelekwe kwenye chaguzi ndogo, na walio kama mwalimu yule ndio wawe wakufunzi.

Mliowahi kusimamia vituo Turkana, Kwale, Mandera: kuna aliyeitwa mafunzoni mwaka usio wa uchaguzi?