David Dhawan na mwanawe Varun: baba anarudia, mtoto anarudia, mashabiki tunaumia

Wakuu, hawa akina Dhawan wa Bollywood, baba mwongozaji na mwana mwigizaji, wamenichosha. Mzee ana filamu zaidi ya 40, halafu anafukua kazi zake mwenyewe za miaka ya tisini na kumkabidhi mwanawe. Na mtoto anapokea bila kuuliza.

Ilianza 2014 na Main Tera Hero, ambayo ni muvi ya Kitelugu, lugha ya kusini mwa India, iliyogeuzwa ya Kihindi. Nikanyamaza, kijana alikuwa bado mgeni kwenye gemu. 2017 wakaleta Judwaa 2. Sasa ile Judwaa ya Salman Khan ya 1997 yenyewe ilitolewa kwenye muvi ya Kitelugu ya Nagarjuna, kwa hiyo hapo tuliuziwa nakala ya nakala! Nyimbo zilezile, Oonchi Hai Building na Tan Tana Tan. Pacha mmoja anambusu binti kwa nguvu na sisi tunatakiwa tucheke. Mwenye shida ya kuongea naye kageuzwa kichekesho. Baba na mwana, hakuna hata mmoja aliyeona kwamba hili si sawa?

Lakini kilichoniuma hasa ni Coolie No. 1 ya Krismasi 2020. Sisi tuliokulia kwenye filamu za Govinda, nyota wa vichekesho, tunaijua ile yake ya 1995 aliyoiongoza huyuhuyu mzee Dhawan. Kuli wa stendi anajifanya tajiri ili aoe binti wa mzee mwenye tamaa, na anayemwigiza huyo mzee ni Kader Khan! Hadithi ilikuwa nyepesi tangu hapo. Ilibebwa na wale wawili: Govinda anabadilisha uso mara tatu ndani ya sentensi moja, Kader Khan anamjibu papo hapo, hujamaliza kucheka hili linakuja lingine. Mzee Dhawan akadhani kilichotuchekesha ni ile hadithi. Akairudisha hadithi bila wale watu.

Tukapewa treni. Mtoto kakaa katikati ya reli, treni inakuja, Varun anakimbia juu ya mabehewa ya treni hiyohiyo, anaipita, anaruka mbele yake na kumnyakua mtoto. Kompyuta imeonekana wazi kila mahali. India nzima ilikisambaza kile kipande, na haki yao.

Na msiniambie Varun hajui kuigiza. Tazameni Badlapur ya 2015, mtu aliyeuliwa mke na mtoto, hasira imemkaa machoni mpaka unaogopa. Tazameni October ya 2018, kijana wa hotelini anayeshinda hospitali kando ya binti aliyepoteza fahamu, na huwezi kubanduka. Kipaji kipo! Ila kila akishapanda anarudi kwa baba kuvaa nguo za Govinda ambazo hazimtoshi. Heshima kwa mzazi naielewa, lakini kazini kuna siku lazima useme, "Hapana baba, hii tuiache."

Najua watakuja watu hapa kusema Judwaa 2 iliuza. Ndiyo, iliuza, na ndicho kilichowapa kiburi cha kurudia. Mzee atafute mwandishi mwenye hadithi mpya, au amwachie Sriram Raghavan, mwongozaji wa Badlapur, huyo kijana. Na wewe unayetaka kuitetea Coolie ya 2020, njoo na tukio moja tu lililoizidi ile ya 1995. Moja tu.