Serikali ya mtaa ya Ogbia (Nigeria) ilipata nini na mafuta? Sisi Buliisa tungoje nini?

mwana_wanseko
Jamani habari za humu. Niko wilaya ya Buliisa, Uganda, na huku siku hizi kila anayesimama na maiki ni roalti roalti (ile sehemu ya mafuta ambayo kampuni inailipa serikali), eti mafuta yakianza kutoka wilaya itakuwa na hela zake yenyewe. Nikaona nitafute waliotangulia, nikakuta Ogbia, jimbo la Bayelsa, ndo kwenye Oloibiri ambako Shell walipata mafuta ya kwanza ya biashara ya Nigeria mwaka 1956. Sasa nauliza wenye kujua, serikali ya mtaa ya kule inachukua asilimia ngapi na watu wamefaidika vipi? Kejeli wekeni pembeni tafadhali.

karani_mstaafu
Asilimia ngapi? Kwa jina la mafuta Ogbia yenyewe haikatiwi kitu. Katiba yao ya 1999 inasema isipungue asilimia 13 ya mapato irudi yalikotoka, lakini inarudi kwa jimbo, inaishia kwa gavana. Bayelsa ina serikali za mtaa 8, Ogbia ni moja tu, inapata mgao wa kawaida kama zile zote 774 za nchi nzima, hata zile ambazo hazijawahi kuona tone la mafuta. Na huo mgao nao miaka nenda rudi umekuwa ukipitia akaunti ya pamoja na jimbo, kwa hiyo mwenyekiti wa mtaa anakaa anangoja gavana amkumbuke. Julai 2024 Mahakama yao ya Juu ndo ikaamua hela ziende moja kwa moja kwa serikali za mtaa, magavana wakanuna kweli.

dereva_wa_murram
Umesahau kusema kile kisima kilikauka zamani bana. Walianza kusafirisha nje 1958, kufika 1978 wameshafunga, kama mapipa milioni 20 hivi yameenda. Kilichobaki ni kichwa cha kisima na mavalvu yameshika kutu porini, na kibao kimeandikwa kisima namba moja, kina futi 12,000. Rais wao Obasanjo akaja 2001 akaweka jiwe la msingi la taasisi ya utafiti, jiwe likakaa miaka na miaka bila ukuta wa kuliegemea.
Halafu kuna hii, kisima chenyewe kiko kijiji cha Otuabagi, ila jina lilienda kwa jirani zao Oloibiri, na watu wa Otuabagi mpaka leo wanalalamika.

nyabongo256
Msiseme hawakupata kitu. Goodluck Jonathan anatoka Otuoke, hapohapo Ogbia, na chuo kikuu cha serikali kikajengwa Otuoke 2011 yeye akiwa rais. Barabara ya Ogbia kwenda Nembe pia ipo, imekatishwa kwenye vinamasi, zamani Nembe ulikuwa unaenda kwa boti tu. Lakini mwaona, chuo kililetwa na kiti cha mtu, sio na kisima.

mama_muziri
Banange tuongee ya kwetu. Mimi nauza muziri na ragoge, samaki wadogo wa Ziwa Albert, hapa Butiaba, na huu mradi wa mafuta wa Tilenga ni visima zaidi ya 400, kimoja kikivuja ziwani mimi nauza nini? Kule Delta ya Niger, kwa kina Ogbia, samaki wameshaliwa na mafuta, hizo asilimia hazirudishi samaki. Ila hebu nielezeni, sisi kisheria tuna ngapi?

karani_mstaafu
Mama swali zuri. Sheria yetu ya fedha za umma ya 2015 inasema asilimia 6 ya roalti iende kwa serikali za wilaya zenye mafuta, 94 ibaki Kampala, na humo kwenye 94 asilimia moja wapewe wafalme. Tumewazidi Ogbia hapo, wilaya imetajwa kwenye sheria. Lakini shika neno *roalti*, sio mafuta. Piga hesabu: mapipa 1,000 yametoka, tuseme roalti ni asilimia 12.5, hayo ni mapipa 125, asilimia 6 ya hayo ni mapipa 7 na nusu. Hayo ndo yanagawanywa Buliisa, Hoima, Kikuube, Nwoya na wengine wote wa ukanda huu. Nusu yanafuata nani ametoa mafuta mengi, nusu yanafuata idadi ya watu, ukubwa wa eneo na hali ya ardhi.

mwana_wanseko
Duh. Saba na nusu kwa elfu, na watu huku wameshaanza kuahidiana magari.
Ila hiyo ya "nani ametoa mengi" ndo imenishika, kwa sababu visima vya Jobi-Rii viko ng'ambo ya Nile, ndani ya mbuga, hiyo ni Nwoya. Sasa pipa linahesabiwa la nani, mafuta yakivutwa kule na kuja kutenganishwa na maji na gesi huku kwetu Kasenyi?

dereva_wa_murram
La Nwoya, linahesabiwa lilikotoka sio linakopita. Na ndo maana mipaka itaanza kupiganiwa, kumbuka Otuabagi, wao walikosa jina tu, huku mtakosa hela.

mama_muziri
Basi madiwani waache maiki waende wakaulize mpaka wa ziwani unapita wapi, maana na Kongo iko pale.

mwana_wanseko
Kikao cha gombolola (kata yetu) ni wiki ijayo, naenda na hesabu ya karani nimeinakili kwenye karatasi. Nani ana ramani ya mipaka inayosomeka, sio ile ya picha ya picha inayozunguka WhatsApp?

karani_mstaafu
Ofisi ya ardhi wilayani, dai nakala yenye muhuri. Watakuzungusha siku mbili tatu, usiondoke.