Jaji asiye na hiari: je, adhabu ya kifo iendelee kuwa ya lazima?

Mkulima wa Nanyamba
Ndugu zangu, salaam. Juma lililopita nilihudhuria Mahakama Kuu, Kanda ya Mtwara, kusikiliza hukumu ya mauaji yaliyotokana na ugomvi wa mpaka wa mikorosho baina ya watu ninaowafahamu. Kijana alipotiwa hatiani, wakili wake aliomba apunguziwe adhabu, akieleza kwamba ana watoto wadogo na hajawahi kushtakiwa. Jaji alijibu kwa upole kwamba amesikia yote, ila sheria haimpi adhabu nyingine isipokuwa kunyongwa hadi kufa. Tangu 1994 hakuna aliyenyongwa nchini Tanzania. Ikiwa hatunyongi, tunahukumu kwa ajili gani? Na ikiwa tunaamini adhabu hii ni ya haki, kwa nini hatuitekelezi?

Wakili wa Shangani
Mzee wangu, shikamoo. Jaji alisema kweli. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinaagiza kwamba anayepatikana na kosa la kuua kwa kukusudia ahukumiwe kifo, na wanaoepushwa ni wajawazito na waliotenda kosa wakiwa chini ya miaka 18. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu alitamka kwamba adhabu hii inavunja Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa ni adhabu ya kikatili na yenye kutweza, lakini ikaona kwamba Ibara ya 30 inairuhusu kwa maslahi ya umma; hoja ambayo, kwa unyenyekevu wote, sijawahi kuridhika nayo.

Kisha Novemba 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yapo hapahapa nchini, Arusha, iliamua katika shauri la Ally Rajabu na wenzake kwamba kumnyima jaji hiari ni kuvunja haki ya kuishi, ikaagiza ulazima huo uondolewe. Uganda ilikuwa imekwisha kuuondoa mwaka 2009 na Kenya mwaka 2017, kwa maamuzi ya mahakama zao za juu.

Tofauti ya kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia inategemea nia ovu, na nia haionekani kwa macho. Inakisiwa kutokana na silaha iliyotumika, mahali jeraha lilipo na maneno yaliyosemwa kabla ya pigo. Mahakama ikiamini kwamba panga liliinuliwa katika ghadhabu ya ghafla baada ya kuchokozwa, jaji anaweza kutoa kifungo cha miaka michache au hata cha maisha. Isipoamini hivyo, hana cha kuchagua. Ushahidi wa watu wawili waliokuwa shambani jioni unaweza kumhamisha mtu kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Mwalimu wa Madrasa, Mikindani
Kila mjadala huu unapoibuka husikia watu wakisema kwamba dini yetu inataka muuaji auawe, basi. Hao wanasoma nusu ya aya. Aya ya 178 ya Suratul Baqara inayofaradhisha kisasi ndiyo hiyohiyo inayozungumzia anayesamehewa na ndugu yake, na malipo kwa wema, yaani dia, fidia ya damu. Uamuzi umewekwa mikononi mwa warithi wa aliyeuawa. Sheria yetu ya nchi haiwaulizi warithi hao chochote. Wakisamehe, hukumu ni ileile. Kwa hiyo, anayeitetea sheria ya sasa kwa hoja ya kisasi cha Kiislamu atafute hoja nyingine.

Dada wa Nachingwea
Nimewasoma nyote kwa heshima, na sikukuta aliyemtaja marehemu. Kaka yangu aliuawa, na aliyemuua akahukumiwa kunyongwa. Mama yetu alielewa maneno hayo kama yalivyotamkwa. Kila mwaka aliuliza kama tayari, na sisi watoto tulikosa jibu, hadi naye akafariki bila kuambiwa kwamba hati ya kunyonga ilihitaji saini ya Rais, na kwamba Rais Magufuli alisema hadharani mwaka 2017 kuwa hataisaini. Mwalimu, kusamehe ninakujua, lakini hakuna aliyekuja kuniomba. Ninachotaka ni hukumu inayomaanisha inachosema. Ikiwa ni kifungo cha maisha, itamkwe maisha, nasi tuanze kuishi nayo.

Mkulima wa Nanyamba
Dada, pole sana, na umenisahihisha. Hata mimi nilieleza habari za kijana tu, hali marehemu naye ameacha mjane. Wakili, baba wa kijana ameniuliza: muda wa kukata rufaa ni upi, na atampataje wakili mwingine?

Wakili wa Shangani
Notisi ya rufaa iwasilishwe ndani ya siku 30 tangu hukumu ilipotolewa. Kwa kuwa yuko gerezani, anaweza kuikabidhi kwa mkuu wa gereza, asisubiri wakili. Mahakama ya Rufani huketi Mtwara kwa vikao, na katika kesi ya namna hii hupangiwa wakili kwa gharama ya Serikali. Mwambie mzee aandike tarehe ya hukumu leo.